Kuoga na kujisaidia salama nyumbani: mwongozo kamili kwa mwenye ulemavu na anayemhudumia

Chuma cha kutundikia taulo hakikutengenezwa kubeba mtu. Nililijua hilo, maana kazi yangu ni kuchomelea, ila asubuhi ile halikunijia akilini. Ilikuwa miezi minne tangu baba aanguke kutoka juu ya mnazi na kuumia uti wa mgongo. Miguu ilikuwa haina nguvu wala hisia, mikono mizima. Akataka kujihamisha kutoka kiti cha magurudumu kwenda kwenye kile kiti cha plastiki tulichokuwa tukimwogeshea, akakishika kile chuma. Skrubu mbili zikachomoka na vumbi la plasta, kiti kikateleza kinyumenyume juu ya marumaru yenye povu. Hakuvunjika. Alichunika pajani, mahali asipohisi, na kidonda hicho kilituchukua wiki saba kukikausha.

Tangu siku hiyo nimetengeneza viti vya chooni na vishikio kwa nyumba nyingi, na kila nyumba imenithibitishia jambo lile lile: ajali haipo kwenye kukaa, ipo kwenye kuhama. Mtu huanguka akitoka hapa kwenda pale. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata safari yake, kutoka kitandani hadi chooni na kurudi, na kila kifaa kinatajwa pale kinapohitajika njiani.

Jambo la pili ni la moyoni. Mara nyingi familia hulenga mgonjwa awe msafi tu. Lenga mbali zaidi: lenga aweze kuufunga mlango wa choo yeye mwenyewe. Mtu mzima anayeshikwa na mwanawe au mkwewe kila anapokwenda haja hupunguza kunywa maji, hujibana, na maradhi ya mkojo na tumbo huanzia hapo.

Anza kwa kupima, usianze kwa kununua

Chukua futi ya fundi, chaki na daftari. Mwombe mwenyewe akueleze, na kama anaweza akuonyeshe, jinsi anavyokwenda sasa. Usimwelekeze. Tazama mkono wake unatafuta nini pa kushika, na kila anaposhika ukuta au fremu ya mlango, weka alama ya chaki. Alama hizo ndizo zitakazokuambia vishikio vikae wapi, kuliko mchoro wowote.

Kisha andika vipimo hivi:

1. Urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake akiwa ameketi na nyayo zimekanyaga chini.
2. Upana wa nyonga akiwa ameketi.
3. Urefu wa kiti chake cha magurudumu kutoka chini hadi juu ya mto, mto ukiwa umebonyea chini ya uzito wake.
4. Upana wa kiti hicho kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi, pamoja na nafasi ya vidole vyake anaposukuma.
5. Upana wa mlango ukiwa wazi, kutoka fremu hadi ubao wa mlango wenyewe. Ubao hula sentimita kadhaa ambazo watu husahau kuzitoa.

Jiulize pia ulemavu wake ni wa namna gani, kwa sababu kifaa kimoja hakiwafai wote. Aliyepigwa kiharusi ana upande mmoja mzima. Aliyeumia uti wa mgongo ana mikono lakini hana hisia chini. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kusimama, tatizo lake ni kuinuka tu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji kuegemezwa mgongo na kichwa kabla ya lolote lingine.

Mlango, kizingiti na sakafu

Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote ya jengo. Mtu akianguka ndani ya choo kidogo, mwili wake huuzuia mlango, na mlango unaofungukia ndani hautafunguka mpaka uvunjwe. Kugeuza bawaba ni kazi ya nusu siku. Kama fremu ni nyembamba kuliko kiti cha magurudumu, lenga uwazi wa sentimita 80 au zaidi. Ikishindikana kabisa, ondoa mlango uweke pazia zito lenye pete, refu hadi karibu na sakafu. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje kwa kijiti au bisibisi.

Kizingiti kikiwezekana kivunjwe. Kisipovunjika, jenga mteremko wa zege kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kizingiti cha sentimita 10 kinahitaji mteremko wa sentimita 120. Ukiujenga mfupi zaidi, kiti kitapinduka kwa nyuma wakati wa kupanda.

Sakafu ya sementi ni salama kuliko marumaru, mradi isisagwe ikawa kama kioo. Mwambie fundi aipige brashi ngumu kabla haijakauka, na aipe mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kama marumaru yameshawekwa, nunua mkeka wa mpira wenye vinyonyeo chini, uuanike kila siku, maana utelezi wa ute hujificha chini yake. Usitandike gunia wala kitambaa. Gunia hukunjamana chini ya gongo. Na kwa anayetembea, kandambili zilizolika zitupwe. Awe na viatu vya mpira vinavyobana kisigino.

Taa iwashwe kutokea nje ya mlango, au aachiwe tochi ya kuvaa kichwani. Safari ya saa nane usiku ndiyo ya hatari kupita zote.

Vishikio vya ukutani

Tumia bomba la chuma la mviringo lenye kipenyo cha milimita 32 hadi 40. Jembamba zaidi linakata kiganja, nene zaidi vidole havifungi. Acha nafasi ya sentimita 4 hivi kati ya bomba na ukuta. Nafasi kubwa huruhusu mkono mzima kupenya, na mtu akiteleza mkono ukiwa umepenya, mfupa huvunjika.

Pembeni ya choo weka bomba la kulala, kwa upande wa mkono wenye nguvu. Urefu wake upimwe akiwa ameketi na kiwiko kimekunjwa kidogo. Kwa watu wengi huangukia kati ya sentimita 70 na 90 kutoka sakafuni. Bomba la kulala ni la kusukumia chini. Bomba la kusimama ni la kujivutia juu na kushika usawa, na mahali pake ni karibu na mlango na pale anapogeuka.

Kuta zetu ndizo zinazohitaji kufikiriwa. Kwenye tofali la sementi lililojaa, boliti za kutanuka za milimita 10 zenye urefu wa kutosha kuvuka plasta hushika vizuri. Kwenye tofali lenye matundu, toboa ukuta mzima, upitishe boliti ndefu, na upande wa pili uweke bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 kabla ya nati. Kwenye ukuta wa udongo na fito usifunge kitu. Simika nguzo ya bomba kwenye shimo la nusu mita, ulijaze zege, uliache siku saba kabla mtu hajaegemea.

Nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe? Tengeneza fremu ya kusimama yenyewe inayozunguka choo pande tatu, yenye mikono miwili. Ukihama unaibeba.

Kabla ya kumkabidhi mtu kishikio, ning'inia wewe. Uzito wako wote, miguu ikiwa imeinuliwa, huku ukitikisa. Kikilia hata kidogo, rudia kazi. Kisha chukua msasa upitishe kila kiungo, upake rangi ya kuzuia kutu halafu rangi ya mafuta yenye rangi tofauti na ukuta. Mzee mwenye macho hafifu haoni chuma cheupe kwenye ukuta mweupe.

Kiti cha chooni

Choo cha shimo na sinki la kuchuchumaa ndivyo vilivyo katika nyumba nyingi, na mtu asiyeweza kuchuchumaa hawezi kuvitumia bila kiti. Wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Naomba usifanye hivyo. Ukishakata kitako cha kiti cha plastiki umeondoa kile kilichokuwa kikiishika miguu yake isitanuke. Ufa huanzia kwenye pembe ya tundu, na siku miguu inapoachana mtu huanguka juu ya plastiki yenye ncha.

Mpe fundi wa kuchomelea vipimo hivi.

Fremu iwe ya bomba la mraba la inchi moja, lenye unene wa milimita 1.5 au zaidi. Urefu wa kiti ulingane na kipimo cha nyuma ya goti kwa anayesimama. Kwa mwenye magoti mabovu ongeza sentimita 3 hadi 5 ili asiinuke kutoka chini sana. Kwa anayehama kutoka kiti cha magurudumu, viti viwili viwe sawa kabisa kwa urefu. Tofauti ya sentimita 5 ni ndogo kwa macho, lakini kwa mikono inayobeba mwili mzima ni kilima.

Upana kati ya mikono ya kiti: nyonga zake ukiongeza sentimita 4. Mkono wa upande anaoingilia uwe wa kuondolewa au wa kuinuliwa, vinginevyo hawezi kupita kwa ubavu. Miguu ya kiti itanuke kidogo chini kuliko juu, na kila mguu uvalishwe mpira mnene. Usiweke magurudumu kwenye kiti cha choo cha shimo, labda kama yana breki nzuri kwenye magurudumu yote manne.

Tundu liwe upana wa sentimita 20 hadi 22, urefu wa 28 hivi, na liwe wazi kwa mbele. Uwazi wa mbele ni kwa ajili ya kuchamba. Viti vingi vinavyoletwa kutoka nje vimefungwa mbele, kana kwamba wote hutumia karatasi, na mtu hulazimika kujiinua upande mmoja ili mkono upite. Hapo ndipo hupoteza usawa. Tundu likizidi ukubwa, makalio huzama na ngozi hunyooka kuzunguka mifupa ya kukalia, jambo la hatari kwa asiye na hisia. Juu weka ubao uliovikwa sifongo ngumu na leza isiyopitisha maji, mishono na misumari yote ikiwa upande wa chini. Pitisha kiganja chako taratibu kwenye kila ukingo. Kinachokukwaruza wewe kidogo kitamtoboa yeye.

Sasa kilicho chini. Kutoka kwenye kiti hadi tundu la choo ni karibu nusu mita, na kila kitu kitarukia miguuni usipokielekeza. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10, ukate kitako chake, uining'inize chini ya tundu kwa vishikio viwili vya chuma ili itoke kwa urahisi kuoshwa. Hicho kipande cha ndoo ndicho kilichombadilishia baba maisha kuliko chuma chote nilichochomelea. Kabla yake alikuwa akimaliza haja anaoga upya miguu.

Kwa mwenye mkono wa kushoto uliopooza, kuchamba ni mtihani mkubwa. Kama kuna bomba la maji, mpira mdogo wenye kichwa cha kubonyeza, ukitundikwa upande wa mkono mzima, humaliza tatizo. Kama hakuna, kopo lenye mdomo mrefu kama birika juu ya stuli, usawa wa goti, lisiwe sakafuni. Birika hiyo hiyo itamfaa kwa kutawadha akiwa bado ameketi.

Kuhama, hatua kwa hatua

Kwa mwenye mikono yenye nguvu na miguu isiyo na nguvu:

1. Sogeza kiti cha magurudumu pembeni ya kiti cha choo kwa mshazari, viguse au karibu viguse.
2. Funga breki zote mbili. Ondoa au geuza vikanyagio vya miguu. Ondoa mkono wa kiti wa upande anaopitia.
3. Ashushe miguu chini kwa mikono, nyayo zikae bapa. Asogeze makalio mbele hadi karibu na ukingo wa kiti.
4. Mkono mmoja juu ya kiti cha choo, upande wa mbali. Mwingine ubaki kwenye kiti cha magurudumu, ngumi au kiganja, si vidole vilivyokunjwa ukingoni.
5. Ainame mbele, kichwa kiende kinyume na makalio: anahamia kulia, kichwa kinaelekea kushoto. Mwili hujiinua wenyewe kama mizani.
6. Ainue, asiburute. Umbali ukiwa mkubwa, atumie vituo viwili.

Asiyeweza kujiinua atumie ubao wa kuhamia: mbao ngumu isiyo na nundu, urefu wa sentimita 70 hivi, upana 25, ncha zote mbili zimechongwa zikawa nyembamba na laini. Ngozi tupu yenye maji hung'ang'ania ubao na kuchubuka, kwa hiyo tandika kanga iliyokunjwa chini yake. Mwenye mfuko wa mkojo auweke huo mfuko kwanza upande anaohamia, ukiwa chini ya usawa wa kibofu, mpira usivutwe.

Kwa aliyepigwa kiharusi, kiti kiwe upande wake wenye nguvu, wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi geuza kiti, ili bado ahamie upande wenye nguvu. Hili husahaulika sana. Kwenda kunakuwa kuzuri, kurudi anaanguka. Msaidizi asimame upande dhaifu, azuie goti dhaifu kwa goti lake lisikunjike, na amshike kwenye mkanda mpana au kanga iliyofungwa imara kiunoni. Usimvute kwa mkono uliopooza hata mara moja. Misuli iliyokuwa ikiushika mfupa wa bega imelegea, na bega hutoka kidogo kidogo mpaka maumivu yanakuwa ya kudumu. Wala asikushike shingoni: akianguka mnaanguka wote.

Hesabuni pamoja, moja, mbili, tatu, na yeye ndiye ahesabu. Anayehesabu huwa tayari.

Kuoga

Kila kitu kiwe mahali pake kabla hajavua nguo: maji, sabuni, taulo, nguo safi, na kiti kilichoshajaribiwa kwa kutikiswa. Msaidizi akitoka "dakika moja tu" kufuata taulo ndipo simulizi nyingi za kuanguka huanza.

Maji ya kuchemsha jikoni ndiyo hatari isiyotajwa vya kutosha. Mimina ya baridi kwanza kwenye ndoo, kisha ongeza ya moto, ukoroge hadi chini. Pima kwa kiwiko chako, au sehemu ya mwili wake yenye hisia, kamwe usipime kwa miguu yake. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na asiye na hisia hatapiga kelele. Sufuria yenye maji ya moto isiingie bafuni kabisa.

Ndoo iwe juu ya stuli, usawa wa mapaja. Ikiwa sakafuni, atainama kila anapochota, na mwili usio na misuli ya tumbo ukishainama mbele haurudi. Kwa baba nilifunga mkanda mpana wa kifuani wenye kunasa wenyewe, na sikuona haya, maana ulimwachia mikono yote miwili huru. Sabuni itie ndani ya soksi, uifunge kwenye mkono wa kiti kwa kamba. Sabuni iliyodondoka humwita mtu aifuate. Dodoki lifungwe kwenye mpini wa nusu mita kwa ajili ya mgongo na nyayo.

Kausha kabla ya kuhama. Kausha katikati ya vidole, kwenye kinena, chini ya matiti, na nyuma ya mapaja alipokalia. Futa na sakafu pia. Akae kidogo akiwa amejifunga taulo kabla ya kusimama, kwani maji ya uvuguvugu hushusha presha na kichwa huzunguka. Nguo: upande dhaifu huvikwa kwanza na kuvuliwa mwisho.

Kila siku, angalia ngozi ya makalio, mifupa ya kukalia, visigino na nyonga. Yeye mwenyewe anaweza kujiangalia kwa kioo kidogo cha mkononi. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi, yenye joto, ngumu au iliyovimba. Ukiiona, asikalie mahali hapo mpaka irudi hali yake.

Muda wa haja

Tumbo hupenda ratiba. Baada ya kula, hasa kifungua kinywa, utumbo huamka wenyewe, hivyo dakika 20 hadi 30 baada ya chai ni wakati mzuri wa kukaa chooni kila siku. Asikae zaidi ya dakika 15 au 20 kwa mkupuo, hata kama kiti kina sifongo. Miguu ikanyage chini au ikanyage kibao, isining'inie.

Ipo dalili moja ambayo familia ya mtu aliyeumia uti wa mgongo, usawa wa kifua au shingo, lazima iijue. Ghafla kichwa kinamuuma sana, uso na shingo vinatoka jasho, presha inapanda. Mara nyingi sababu ni kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliokunjika, au choo kigumu. Mketishe wima, legeza nguo zote, nyoosha mpira wa mkojo, tafuta kinachombana. Isipotulia mara moja, mkimbize hospitali na uwaambie ameumia uti wa mgongo na presha imepanda. Hii si ya kusubiri asubuhi.

Wapi pa kupata msaada

Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza; kumpima mtu ni kazi ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo au mtaalamu wa utengamao, na kikao kimoja naye huokoa pesa nyingi. Kwa Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam na hospitali ya KCMC Moshi zina huduma hizo, na pale KCMC kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Kenya, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, imekuwa ikiwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo tangu mwaka 1958 na ina karakana yake. Nenda na lile daftari la vipimo, na picha ya choo chako iliyopigwa kutokea mlangoni.

Kila mwezi geuza kiti juu chini. Tazama mipira ya miguu: ikilika mpaka chuma kikaonekana, badilisha siku hiyo hiyo. Gonga kila kiungo kwa kipande cha nondo. Kiungo kizima hulia kama kengele, kilichooza ndani hutoa sauti ya kopo. Kutu huanzia ndani ya bomba, kwa hiyo toboa kitundu kidogo chini ya kila mguu maji yatoke. Kiti cha kwanza cha baba sikukitoboa, na mwaka wa pili mguu wa nyuma ulikuwa umeliwa huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa.